Tarehe ya kuanzia: sheria za vita kwa mshindi na kwa mshindwa

Uganda ina karatasi mbili ambazo ukiziweka mezani pamoja zinakutana ukingo kwa ukingo, kama vigae. Ya kwanza ni hati iliyounda tume ya Jaji Arthur Oder mwaka 1986, kuchunguza uvunjaji wa haki za binadamu. Hati iliipa tume kipindi cha kupekua: kuanzia 9 Oktoba 1962, siku ya uhuru, hadi 25 Januari 1986. Ya pili ni Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000, inayomsamehe Mganda aliyebeba silaha dhidi ya serikali kuanzia 26 Januari 1986. Na 26 Januari 1986 ndiyo siku ambayo NRA, jeshi la msituni la Yoweri Museveni, lilishika madaraka Kampala.

Zisome tena hizo tarehe polepole. Uchunguzi unaishia jana yake, msamaha unaanzia siku yenyewe. Waliotawala kabla wamechunguzwa. Waliopigana na serikali mpya wamesamehewa, kwa masharti. Askari wa serikali mpya, kwa aliyoyafanya baada ya siku hiyo, hamo katika karatasi hata moja kati ya hizo mbili.

Vijiweni hoja hii huwa inamalizwa kwa maneno matatu tu: mshindi hahukumiwi, basi. Ni kweli nusu. Idi Amin alishindwa vibaya, Kampala ikachukuliwa 11 Aprili 1979 na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, lakini alikufa hospitalini Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kupanda kizimbani hata siku moja. Obote alipinduliwa 1985 akafia Johannesburg mwaka 2005. Aliyeshindwa anaponyoka vizuri tu akiwa na pa kukimbilia. Anachokipata mshindi ni kalamu: yeye ndiye anayeandika kesi inaitwaje, inaanzia siku gani, na ushahidi unatoka katika kabati la nani. Baada ya hapo hata hakimu mwadilifu kuliko wote atahukumu kile tu kilicholetwa mbele yake.

(Kuna kituko hapa. Tume iliyochunguza utawala uliokuwa bado madarakani ni ile ya 1974, ya watu waliopotea tangu 25 Januari 1971, na aliyeiunda ni Amin mwenyewe. Ilivitaja vyombo vyake vya usalama kuwa ndivyo vyenye lawama kubwa. Hakuna kilichobadilika.)

Tuanze na jina la kesi. Desemba 2003 Rais Museveni alipeleka suala la kaskazini mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, na barua ya serikali iliitaja hali inayohusu LRA, waasi wa Joseph Kony. Mwendesha mashtaka wa wakati ule, Luis Moreno-Ocampo, alijibu kwamba ofisi yake itaielewa barua hiyo kuwa inahusu uhalifu wote wa kaskazini mwa Uganda, uwe wa upande wowote. Kisheria alikuwa sahihi, kwa sababu nchi haiwezi kushtaki upande mmoja tu wa vita. Waranti zikatolewa Julai 2005, zikawekwa wazi Oktoba: Joseph Kony, Vincent Otti, Okot Odhiambo, Raska Lukwiya, Dominic Ongwen. Watano, wote wa LRA. Wa UPDF, yaani jeshi la serikali, NRA kwa jina jipya, hakuna, na hadi leo hakuna.

Halafu tarehe. Mkataba wa Roma ulianza kufanya kazi 1 Julai 2002, na ICC haigusi kilichotokea kabla. Vita vya kaskazini vilianza 1986. Miaka kumi na sita ya mwanzo imekatwa, na imekatwa kwa pande zote: mauaji ya Atiak ya 20 Aprili 1995, yaliyofanywa na LRA, yako nje, Burcoro ya 1991, ambako lawama ni za NRA, nayo iko nje. Kikanuni ni usawa. Ila miaka ile ya mwanzo ndiyo ambayo malalamiko mengi dhidi ya jeshi yanaangukia, na kuanzia 2002 picha inawageukia waasi. Sidhani kuna aliyekaa chini akapanga hivyo. Mkataba ulihitaji nchi 60 kuuridhia, zikafika zilipofika.

Sasa tuje kwenye ushahidi, ambako ndiko mambo yalipo.

LRA walikuwa jeshi la porini lililotawanyika, na Kony aliwaongoza makamanda wake kwa redio za upepo, kwa saa zilizopangwa kila siku. Ili wasieleweke walitumia jedwali la siri waliloliita TONFAS: saa za kuongea, jina la mwendeshaji redio, majina ya bandia, masafa, anwani, na maneno ya usalama. Kila baada ya muda jedwali lilibadilishwa. Upande wa pili, idara ya usalama wa ndani, UPDF na polisi walikuwa wananasa mawasiliano hayohayo, kila mmoja kivyake. Kazi ilikwenda hivi: msikilizaji anakaa mbele ya redio, anarekodi kwenye kanda, huku akiandika harakaharaka kwenye karatasi yoyote iliyo karibu. Baadaye anarudia kanda, anatafsiri Kiacholi kwa Kiingereza, anafumbua majina ya bandia, kisha anaandika nakala safi kwenye daftari kubwa lenye tarehe na saa.

Mtu wa mahakama akiliona daftari hilo anaona matatizo papo hapo. Nakala safi si ushahidi wa kwanza, ni tafsiri ya tafsiri. Sauti ya redio ya upepo inakwaruza, maneno yanamezwa. Aliyeandika alikuwa askari kazini, akitafuta adui alipo ili ashambuliwe kesho, na hakuwa na wazo la jaji wa ICC huko The Hague miaka kumi na mbili mbele. Majaji wa kesi ya Ongwen walilazimika kulinganisha daftari za idara tofauti kuhusu siku ileile, kuzipima na kanda zilizosalia, kisha kuwaleta waliokuwa LRA watambue sauti. Zilipokubaliana, ziliaminika. Ushahidi huo ulikuwa na uzito mkubwa kuhusu mashambulizi ya Odek (29 Aprili 2004), Lukodi (19 Mei) na Abok (8 Juni). Ongwen alisikika akiripoti kazi yake. Februari 2021 akatiwa hatiani kwa makosa 61 kati ya 70, Mei akapewa miaka 25, na rufaa ikakataliwa Desemba 2022.

Nisieleweke vibaya: hukumu ile naiona imesimama imara. Lakini tafuta daftari la upande wa pili. Nani alikuwa anairekodi redio ya UPDF? Hakuna, isipokuwa UPDF yenyewe. Na kumtia hatiani kamanda kwa makosa ya vijana wake kunahitaji mambo matatu: kwamba alikuwa na mamlaka halisi juu yao, kwamba alijua au alipaswa kujua, na kwamba hakuchukua hatua alizoweza kuzichukua za kuzuia au kuadhibu. Yote matatu yanathibitishwa kwa makaratasi: amri ya doria, kitabu cha zamu, taarifa ya jioni ya kikosi, orodha ya risasi zilizotoka ghalani na zilizorudi. Makaratasi hayo yamo kabatini mwa jeshi lenyewe. Mshindwa kabati lake huvunjwa anapoanguka au, kama LRA, husikilizwa angali anapigana. La mshindi linabaki na kufuli yake na askari wake mlangoni.

Ongeza suala la mashahidi. Wachunguzi wa ICC waliokuja kaskazini 2004 na 2005 waliwakuta raia wakiishi kwenye kambi zilizolindwa na UPDF. Barabara ililindwa na UPDF. Shahidi dhidi ya LRA alikuwa na wa kumlinda, vizuri au vibaya. Shahidi dhidi ya askari wa kituo cha jirani alitakiwa alale hapohapo usiku ule.

Hili si la Uganda peke yake. Mkataba ulioanzisha mahakama ya Nuremberg ulitiwa saini London tarehe 8 Agosti 1945, kati ya bomu la Hiroshima la tarehe 6 na la Nagasaki la tarehe 9, na uliitaja mahakama kuwa ya wahalifu wakuu wa nchi za Mhimili za Ulaya, yaani Ujerumani na washirika wake. Mauaji ya maofisa wa Poland huko Katyn, waliyoyafanya wenyewe, Wasovieti waliwabambikia Wajerumani kwenye mashtaka, hukumu ikanyamaza, na Moscow ikaja kukiri mwaka 1990. Mahali pamoja tu kioo kilipasuka: wakili wa Karl Dönitz, mkuu wa jeshi la majini la Ujerumani, alipata majibu ya maandishi ya Admirali Nimitz kwamba Marekani nayo ilizamisha meli bila onyo katika Pasifiki tangu siku ya kwanza ya vita. Majaji wakasema adhabu ya Dönitz haitatokana na makosa ya vita vya nyambizi. Akafungwa miaka 10 kwa mengine. Yaani wakili alipolipata daftari la mshindi, kosa halikugeuka kuwa halali, ila halikuadhibiwa kwa yeyote, na sidhani kama hiyo nayo ndiyo haki.

Tukirudi nyumbani, jambo zito zaidi ni kambi. Kuanzia 1996 jeshi liliwahamishia raia wa Acholi kwenye vijiji vilivyoitwa vya ulinzi, na mwanzoni mwa Oktoba 2002 likatoa saa 48 kwa waliobaki vijijini waingie kambini. Kufikia 2005 waliohamishwa kaskazini walikuwa karibu milioni 1.8. Nyumba za nyasi zilibanana paa kwa paa, moto ukishika moja unafagia safu nzima. Foleni ya maji saa kwa saa. Shamba lipo kilomita chache tu, ila kulifikia ni kuhatarisha roho, kwa hiyo mkulima anangoja posho ya lori. Utafiti wa Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani katika Gulu, Kitgum na Pader ulikadiria kuwa kati ya Januari na Julai 2005 vifo vilizidi kawaida kwa karibu 1,000 kila wiki. Malaria na UKIMWI viliongoza orodha ya visababishi.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 17 cha Itifaki ya Pili ya Ziada ya 1977, ambayo Uganda ilijiunga nayo 1991, kina sehemu mbili. Ya kwanza inakataza kuwahamisha raia kwa sababu za vita, isipokuwa usalama wao wenyewe au sababu nzito za kijeshi zikilazimisha. Ya pili inasema wakihamishwa, hatua zote zinazowezekana zichukuliwe wapate makazi, usafi, afya, usalama na chakula vya kuridhisha. Sasa fungua Mkataba wa Roma, kifungu cha 8. Sehemu ya kwanza imo kama uhalifu wa kivita. Ya pili haimo. Jeshi likisema "tuliwahamisha kuwalinda na Kony", limekwisha jibu sehemu iliyo uhalifu, na si jibu la bure, kwa sababu LRA walikuwa wanachinja watu kweli. Swali la vyoo, maji na dawa, ambalo ndilo lililoua wengi, linabaki ni ukiukaji wa sheria usio na mshtakiwa. Mwendesha mashtaka naye alipoulizwa kuhusu UPDF alijibu kwa kipimo cha uzito: makosa ya LRA yalikuwa mengi na mazito zaidi, akaanza na hayo. Kipimo hicho kinahesabu waliopigwa panga na risasi. Mtoto aliyekufa kwa homa kambini haingii kwenye mizani.

Si kwamba askari wa Uganda hawajawahi kuadhibiwa. Machi 2002, padri mmoja wa Ireland na watu wake wawili waliuawa Karamoja. Siku nne baadaye askari wawili walikuwa wamekwisha hukumiwa na mahakama ya kijeshi na kupigwa risasi hadharani huko Kotido. Wengine waliona ni uthabiti. Kwangu mimi, siku nne hazimtoshi hata wakili kusoma jalada, na maiti haiwezi kuulizwa ilitumwa na afande gani. Tena, chini ya Mkataba wa Roma, nchi inayoendesha kesi zake yenyewe kwa dhati inaizuia ICC kuingia. Kesi za koplo na askari wa chini zinajaza rekodi, na majenerali hawaguswi.

Tazama pia neno kadogo. Jeshi la Museveni lilipoingia Kampala 1986 lilikuwa na watoto wenye bunduki ndefu kuliko wao, na watu wakawaita kadogo kwa mapenzi kabisa. Watoto wa LRA tunawaita waliotekwa. Tofauti ipo: wengi wa kadogo walikuwa yatima wa vita vya Luwero waliokimbilia jeshini, wa LRA walikokotwa usiku kwa kamba. Ila kanuni ya leo ya walio chini ya miaka 15 haiulizi kama mtoto alikuja mwenyewe. Kumwandikisha tu ni kosa, hata akiomba. Kosa hilo Ongwen alishtakiwa nalo akiwa yeye mwenyewe alitekwa akiwa mtoto wa shule, na majaji walilizingatia hilo katika kumpunguzia adhabu.

Usawa unayumba hata kati ya walioshindwa wenyewe. Utaratibu wa msamaha ulikuwa mwepesi: unajitokeza kwa kikosi cha jeshi au polisi, chifu, kiongozi wa LC (baraza la mtaa), hakimu au kiongozi wa dini, unatamka kuuacha uasi, unasalimisha silaha kama unayo, unangoja hati. Pamoja na hati kulikuwa na shilingi 263,000, godoro, blanketi, masufuria, jembe na mbegu. Zaidi ya watu 26,000 wa makundi mbalimbali walipitia mlango huo, wakiwamo makamanda wakubwa wa LRA kama Kenneth Banya na Sam Kolo. Thomas Kwoyelo, wa ngazi ya chini kuliko hao, naye akiwa alitekwa utotoni njiani kwenda shule, alikamatwa Machi 2009 huko Kongo, akaomba hati akanyimwa. Mahakama ya Katiba ikasema 2011 kwamba huo ni ubaguzi. Mahakama ya Juu ikatengua 2015, ikisema msamaha haufuniki mauaji ya raia. Oktoba 2024 mahakama ya Gulu ikampa miaka 40. Ukikubali sababu ya Mahakama ya Juu, na mimi naikubali, basi hati ngapi kati ya zile 26,000 zilitolewa kimakosa?

Na makubaliano ya Juba ya 29 Juni 2007, kati ya serikali na LRA, kuhusu uwajibikaji, ambayo ndiyo chimbuko la kitengo cha mahakama kilichomhukumu Kwoyelo, yana sentensi moja ambayo ingestahili kuandikwa ukutani: watendaji wa dola watashughulikiwa na taratibu za jinai zilizopo, si zile maalumu za makubaliano. Wajumbe wa pande zote waliisaini. Nadhani serikali isingekaa mezani bila hiyo.

Uganda nayo imewahi kukaa kwenye kiti cha mshtakiwa, na kilichoifikisha hapo kinachekesha kidogo. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita katikati ya jiji la Kisangani huko Kongo, nchi ya watu, mizinga ikianguka kwenye nyumba za raia. Mwezi huohuo Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1304, likasema nchi zote mbili zilipe fidia. Kongo ilikuwa imeifikisha Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki tangu 1999, na Rwanda ikaishtaki upya mwaka 2002. Uganda ilikuwa imeweka tamko la kukubali mamlaka ya mahakama hiyo tangu 3 Oktoba 1963, kabla vijana wengi waliopigana Kisangani hawajazaliwa. Rwanda haikuwa na tamko kama hilo. Basi Uganda ikahukumiwa 19 Desemba 2005, kwa Kisangani, kwa kuikalia Ituri na kwa kupora mali asili, na Februari 2022 ikaamriwa kulipa dola milioni 325, kwa mafungu matano ya milioni 65 kila Septemba mosi. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Kesi ya Rwanda ilitupwa Februari 2006 kwa kukosa mamlaka. Jiji moja, siku zilezile, mizinga ileile. Mmoja analipa kwa sababu ya karatasi ya 1963.

Hata hapo, aliyelipa ni hazina. Ituri ilitoa wafungwa wa ICC kama Thomas Lubanga na Bosco Ntaganda, viongozi wa wanamgambo. Hakuna ofisa wa UPDF aliyeikalia Ituri aliyeshtakiwa na ICC.

Kukamata nako ni kwa hiari ya wenye dola. ICC haina polisi. Omar al-Bashir, rais wa Sudan wakati ule, akiwa na waranti mbili za ICC juu yake, alikuja Kampala Mei 2016 kwenye sherehe ya kuapishwa kwa Rais, akakaa jukwaani, akaondoka. Ni nchi ileile iliyopeleka kesi ya kwanza ICC, na iliyoandaa mkutano wa kuupitia Mkataba wa Roma pale Munyonyo mwaka 2010. Majaji waliandika kwamba Uganda imeshindwa kutimiza wajibu wake. Adhabu haikufuata.

Sasa waathirika. Amri ya fidia ya Februari 2024 katika kesi ya Ongwen inakadiria waathirika 49,772, kila mmoja apate yuro 750 za ishara, pamoja na miradi ya pamoja, jumla zaidi ya yuro milioni 52. Ongwen hana kitu, kwa hiyo fedha zinatafutwa kwa wahisani kupitia mfuko wa waathirika. Kustahiki kunategemea ulikuwa Pajule, Odek, Lukodi au Abok siku za mashambulizi, au ni miongoni mwa wanawake waliotendewa ukatili na watoto waliozaliwa kutokana na ukatili huo, au ni miongoni mwa watoto walioingizwa jeshini.

Mukura, huko Teso, haimo. Tarehe 11 Julai 1989 askari wa NRA waliwafungia wanaume waliowakusanya kwa kushukiwa uasi ndani ya behewa la treni kwenye stesheni, milango ikafungwa, hewa ikaisha, na 69 wakafa. Ni baada ya ukomo wa tume ya Oder, kabla ya ICC, na Sheria ya Msamaha haiwahusu waliofunga milango kwa kuwa hawakuwa wakipigana na serikali. Kwa hiyo kwa njia zote hizo tatu hawajachunguzwa, hawajashtakiwa, na hawajasamehewa. Imebaki Sheria ya Adhabu ya kawaida, ile ya mwizi wa kuku na muuaji wa kijijini, na kosa la kuua ndani yake halina tarehe ya kuanzia wala ya kuishia. Jalada lake linafunguliwa kituo chochote cha polisi.